Korti ya Pilato

Anyesi alikuwa na ukuta wake, na mtu aliyetaka kugombana naye hakuhitaji kwenda mbali. Ilitosha ausemee vibaya.

Ukuta huo ulisimama peke yake katikati ya migomba, kijijini kwao juu ya Tengeru, umejengwa kwa mawe meusi ya Mlima Meru yaliyochongwa kwa subira. Ulikuwa mrefu kuliko mgomba wowote. Kushoto uliungana na ukuta mwingine ulioshuka taratibu kufuata sakafu pana ya saruji, na mbele, usawa wa kiuno cha mtu, ulipigwa mstari mwekundu kutoka mwanzo hadi mwisho. Basi, hayo tu. Paa haukuwa nalo, mlango haukuwa nao, dirisha ndiyo usiulize. Mgeni akipita hapo alidhani watu walianza kujenga ghorofa wakakumbuka kwamba hawana haja nayo. Wenyeji walianika kahawa na mahindi kwenye sakafu ile, wakapaita mahali pale Korti ya Pilato, na hakuna aliyeona ajabu.

Jina lilitoka kwa mjenzi mwenyewe. Huyo alikuwa Bruda Inyaki, Mzungu mfupi mwenye mabega ya mbeba magogo, aliyeletwa na shirika lake miaka ile ya mwanzo baada ya Uhuru ili aandae kiwanja cha misheni ya Kikatoliki. Alilala kwenye kibanda cha mabati, akajipikia mwenyewe, na badala ya kuanza na kanisa au nyumba ya mapadri akaanza na ukuta. Kiswahili chake kilikuwa cha kuombea chumvi tu. Wazee walipomuuliza anajenga nini, alifikiri sana, akajibu neno ambalo wote walilisikia vizuri: "Korti. Korti ya Pilato." Wazee wakatazamana. Walikuwa Walutheri watupu, watu wa adabu, wakasema haya, wengine huanza na altare, hawa wameanza na mahakama, sisi yetu macho. Hata jina la Bruda mwenyewe halikusalimika. Akina mama wa Kiarusha waliopita na punda kwenda sokoni walisikia Inyaki wakasema Namnyaki, ambalo ni jina la kike, na Bruda aliliitikia kwa furaha mpaka alipoondoka, bila kujua kwa nini wale mama wanacheka.

Kisha kulikuwa na habari ya beseni. Jioni Bruda alionekana ameketi kwenye kigoda chini ya ukuta, mikono yote miwili ndani ya beseni la maji ya moto, uso umekunjamana. Waliomwona kwa mbali walikwenda kusimulia, na waliosimuliwa wakatikisa vichwa. Korti ya Pilato, halafu mtu ananawa mikono kama Pilato mwenyewe. Unataka ushahidi gani tena? Kabla misheni haijaota mizizi Bruda akahamishwa, shirika likapeleka nguvu zake kwingine, na ukuta ukabaki.

Anyesi alifika Bruda akiwa ameshaondoka. Aliletwa kutoka Kibosho, bibi harusi wa Solomoni, Mkatoliki pekee katika ukoo uliojaa wazee wa kanisa, wanakwaya na mwinjilisti mmoja wa Kilutheri. Solomoni alikuwa ameahidi mbele ya baba mkwe kwamba kila mtu atabaki na kanisa lake, na ahadi aliitimiza. Shida ni kwamba kanisa la Solomoni lilikuwa ng'ambo ya mfereji tu, la Anyesi lilikuwa huko chini kabisa, na masika ya mwaka ule yaliigeuza njia kuwa utelezi mtupu. Jumapili za kwanza, wenzake walipokwenda ibadani, Anyesi alibaki jikoni akikoroga loshoro ya mahindi na maziwa ya mgando, machozi yakiingia chunguni. Kisha Jumapili moja akauona ukuta, akauliza panaitwaje, akaambiwa.

Kwa Mkatoliki wa Kibosho jina hilo halikuhitaji maelezo. Kituo cha kwanza cha Njia ya Msalaba ni Yesu kuhukumiwa mbele ya Pilato. Kwa hiyo mtu wa Mungu alianza na kituo cha kwanza, akahamishwa kabla ya kufika cha pili. Anyesi alipiga magoti pale pale kwenye saruji. Aliporudi nyumbani hakuwa na machozi, na Solomoni, aliyemwona kwa mbali, hakusema kitu.

Tangu hapo ukuta ukawa wake. Yeye ndiye aliyewafundisha Wakatoliki wachache waliokuja baadaye, akina Marta na wenzake wa jumuiya, kwamba ukuta mrefu ni kiti cha hakimu, ule wa kushoto ni pa washtaki, na mstari mwekundu ni damu. Mstari ulipofifia alinunua rangi akaupaka upya kwa mkono wake. Kila Ijumaa Kuu alileta beseni la bati na birika, akammiminia mmoja wao maji mikononi, ndipo Njia ya Msalaba ikaanza kushuka kuelekea parokiani.

Na kila Ijumaa Kuu, kwenye ua wa masale unaotenganisha kihamba, shamba la ukoo, na kiwanja kile, alisimama Nathanaeli. Huyu alikuwa mdogo wake Solomoni, mzee wa kanisa, mtu mzito usharikani na mwepesi sana kila mahali pengine. Kwa kuwa shemeji ni mtani, alijipa ruhusa zote.

"Shemeji! Pilato kaamua nini mwaka huu?"

"Kesi imeahirishwa," Anyesi alimjibu bila kugeuka. "Na wewe Baraba kaa hapo hapo, ngoja uitwe."

Alimwita Baraba, jina la yule mfungwa aliyeachiwa badala ya Yesu, kwa sababu, alivyosema mwenyewe, hakumjua mhalifu mwingine anayetembea huru namna ile. Swali halikubadilika miaka nenda miaka rudi, wala jibu. Hata mwaka aliofariki Solomoni, Anyesi akiwa bado amevaa nyeusi, Nathanaeli alisimama kwenye masale akauliza. Kwa sauti ya chini, lakini akauliza. Anyesi alimshukuru moyoni kwa hilo, ingawa mdomoni alimwita mpumbavu.

Mambo yaliharibika Kwaresima ya mwaka huu. Brayson, mwenyekiti wa kijiji, alikuja na mpango wa kituo cha kukusanyia maziwa. Ng'ombe walikuwapo wa kutosha na maziwa yalichacha yakisubiri gari, kwa hiyo kituo kilitakiwa, hilo hakuna aliyelibishia. Ubishi ulikuwa ni mahali. Brayson alikitaka kiwanja cha Korti ya Pilato, chenye sakafu tayari, na mawe ya ukuta yatumike kujengea.

"Mama, mimi sina neno na dini ya mtu," alimwambia Anyesi alipokwenda kumpa taarifa, amekaa kwenye ncha ya kiti, tayari kwa kufukuzwa. "Kama ni mahali pa ibada, serikali ya kijiji haipagusi. Lakini mimi nikitazama naona ukuta. Njoo mkutano mkuu utueleze historia yake. Kijiji kikiridhika kwamba ni pa ibada, tutatafuta pengine. Kisiporidhika, tunabomoa baada ya Pasaka."

"Baada ya Pasaka! Angalau mmemwachia Pilato sikukuu yake," Anyesi alisema, akamwongezea chai.

Alitania hivyo, lakini Brayson alipoondoka alitoka nje akautazama ukuta. Magoti yake hayakuwa tena ya kushuka parokiani kila alipotaka kusema na Mungu. Binti yake Tabea alikuwa na nyumba yake Engutoto, mjini, na kila mara alimwita mama yake akakae naye. Kila mara Anyesi alikataa kwa visingizio vya kuku na migomba. Sababu yenyewe hakuisema. Pale ukutani ndipo alipomlilia Solomoni, na ndipo alipokuwa bado anaongea naye, jioni, kahawa ikishaanuliwa na watu wakishaondoka. Ukibomolewa, hakujua atakwenda kuongea naye wapi.

Akamwendea padri wa parokia, kijana mchangamfu asiyejua kukaa na simu mfukoni. Padri akawapigia wenye shirika la Bruda, nao wakauliza kwao Ulaya, na baada ya siku chache majibu yakaja. Bruda Inyaki alishafariki zamani. Lakini mjukuu wa dada yake, binti anayeitwa Nerea, yuko Tanzania hapa hapa; amejifunza Kiswahili Moshi, na siku ya mkutano atakuwa anashuka kutoka Mlima Meru kwa njia ya Momela. Atafurahi sana kuuona ukuta wa babu yake. Anaujua vizuri, padri alisema. Kwao familia nzima inausimulia.

Anyesi alipiga vigelegele pale pale ofisini kwa padri. Njiani hakusikia magoti. Alikwenda moja kwa moja hadi kwenye masale, ambako Nathanaeli alikuwa akikata majani ya ng'ombe.

"Nimepata shahidi, shemeji. Shahidi wa damu. Mjukuu wa Bruda."

Nathanaeli akaacha kukata. "Wa Bruda Inyaki?"

"Wa dada yake. Anakuja mkutanoni."

"Na atasema?"

"Mbele ya kijiji kizima."

Nathanaeli akaona ghafla kwamba panga lake halina makali, akaondoka kwenda kulinoa. Anyesi alibaki ameshangaa, maana alikuwa na majibu matatu ya utani tayari mdomoni, na mtani hakumpa hata nafasi ya moja.

Mkutano ulifanyika kwenye korti yenyewe, watu wameketi kwenye saruji, mtendaji wa kijiji na kalamu yake mezani. Nathanaeli alichagua jiwe la nyuma kabisa. Anyesi alivaa kitenge cha jumuiya, akaja na beseni na birika ili kuonyesha, akaeleza yote: kiti cha hakimu, washtaki, damu, na mtumishi wa Mungu aliyejitesa kwa kunawa maji ya moto ili asisahau dhambi ya Pilato. Hiyo ya mwisho aliitunga pale pale, lakini aliisema kwa moyo wote. Watu wakaguna kwa kuridhika. Brayson alikuwa anatikisa kichwa taratibu, kichwa cha kukubali, gari lilipoegeshwa barabarani na Nerea akashuka, pua imeungua na jua la mlimani, viatu vimejaa vumbi la volkano.

"Shikamooni wazee," alisema, kwa Kiswahili cha darasani, kilichopigwa pasi. "Naitwa Nerea. Mimi ni Mbaski. Sisi ni watu wachache, tunaishi kati ya Hispania na Ufaransa."

Akageuka akauona ukuta, na machozi yakamtoka bila aibu. Akaenda akaweka kiganja kwenye jiwe.

"Ni mzuri kuliko wa kijijini kwetu," alisema. "Kwetu karibu kila kijiji kina ukuta kama huu. Mara nyingi uko jirani na kanisa."

Anyesi alimtazama Brayson. Unasikia?

"Babu alisimulia kwamba alipofika hapa alikuwa mpweke sana. Hakuna mtu wa lugha yake, hakuna chakula chake. Alikumbuka nyumbani mpaka akaugua. Ndiyo maana kabla ya kitu kingine chochote alijenga korti ya pilota."

"Ya Pilato," Anyesi alimsahihisha kwa upole, maana mtoto ni mgeni na lugha ni ngumu.

"Pilota, mama."

"Pilato, mwanangu. Pontio."

Nerea akatazama huku na huku, akitafuta huyo Pontio ni nani kati ya waliokaa. Kisha akafungua begi, akatoa kitu kidogo cha mviringo kilichoshonewa ngozi, akakigonga kwa kidole wote wasikie kilivyo kigumu. "Pilota," alisema. "Mpira. Unaupiga kwa mkono, ukutani, na mwenzako anaupiga ukirudi. Ukigonga chini ya mstari mwekundu, umekosa."

Watu waliutazama mpira, wakajaribu kuelewa kwa adabu.

"Mstari si damu?" Marta aliuliza.

"Ni mstari tu, mama."

"Na beseni?" mwingine akadakia. "Beseni la kunawa?"

"Beseni! Ndiyo, hata kwetu. Mpira huu unavimbisha mikono. Ukimaliza kucheza unaiweka kwenye maji ya moto yenye chumvi."

Kijiji kikacheka. Kilianza kucheka Kilutheri, kwa kujizuia, kiganja mdomoni. Kisha kikashindwa, na wazee wazima wakawa wanagaragara kwenye saruji ya kuanikia kahawa. Mtendaji alidondosha kalamu. Marta, mwenyekiti wa jumuiya, alicheka mpaka kilemba kikamfunguka. Anyesi peke yake alisimama na beseni lake. Aliona aibu ambayo hajawahi kuiona tangu azaliwe. Maisha yake yote ya ndoa na ya ujane amepiga magoti mbele ya kiwanja cha mpira, na amewapigisha na wenzake, na sasa kitabomolewa, na yeye ndiye aliyemwita wa kukibomoa.

Nerea hakuelewa amekosea wapi, ila aliona ameumiza mtu. Akafanya alichoweza: akarudi nyuma hatua kadhaa, akaudundisha mpira na kuupiga kwa nguvu zake zote, ili angalau wauone mchezo wenyewe. Mpira uligonga jiwe kwa kishindo, ukarudi juu juu, ukapita vichwa vya watu kuelekea nyuma. Wote wakainama.

Nathanaeli hakuinama. Aliinuka kwenye jiwe lake kama aliyeitwa jina, akaenda upande upande, mkono wa kushoto ukazunguka toka nyuma, akaupiga mpira kwa kiganja kilicho wazi. Ukaenda chini chini, ukagonga juu kidogo ya mstari mwekundu, kwenye pembe kabisa zinapokutana kuta mbili, ukadondoka hapo hapo usirudi.

Nerea alipiga ukelele kwa lugha ya kwao. Nathanaeli aliutazama mkono wake kama mtu anavyomtazama mtoto aliyeropoka mbele ya wageni.

"Shemeji," Anyesi alisema polepole. "Huo mkono umesomea wapi?"

"Kwa Bruda."

"Na nani?"

Nathanaeli alikohoa. "Na Solomoni. Baba alitukataza kwenda kwa Wakatoliki, basi tulikuwa tunapita kwenye kahawa kama tunakata majani ya ng'ombe. Bruda mmoja, sisi wawili, na bado alikuwa anatufunga."

"Kwa hiyo mlijua." Anyesi alilishika beseni kwa mikono miwili. "Wewe na kaka yako mlijua tangu naletwa hapa. Mkanitazama napiga magoti, mkarudi nyumbani kunicheka."

"Mimi nilicheka," Nathanaeli alisema. "Nisikudanganye. Siku ile ya kwanza nilicheka mpaka nikakaa chini. Nikamkimbilia Solomoni nikamwambia, kamwambie mkeo anasali golini. Akanishika ukosi, shemeji. Unamjua Solomoni, hajawahi kumshika mtu ukosi. Akaniambia, tangu aje hapa leo ndiyo siku ya kwanza amerudi nyumbani halii. Ukifungua mdomo, wewe si ndugu yangu. Halafu ule mpira Bruda aliotuachia akaufukia kwenye migomba, wewe usije ukatukuta tunacheza. Na alikuwa anaupenda mchezo ule kuliko mimi." Akafuta uso kwa mkono wa shati. "Solomoni hakucheka. Hata siku moja."

"Na wewe kunipigia kelele za Pilato kila Ijumaa Kuu?"

"Nilikuwa nalinda. Mzee wa kanisa akikutania habari za Pilato kila mwaka, nani tena atauliza kama ni Pilato kweli? Mara ya kwanza alinituma yeye. Baadaye nikazoea."

Anyesi alitaka kukasirika, na ilikuwa haki yake; aliitafuta hasira akaipata kidogo tu. Alimwona Solomoni kijana, amesimama kwenye kahawa na mpira mfukoni, anautazama uwanja wake mwenyewe ukichukuliwa na msichana wa Kibosho aliyepiga magoti, na hasemi kitu. Maisha yao yote pamoja hakusema kitu. Alimpenda saa ile, mbele ya kijiji kizima, kuliko siku ya harusi, na kilichomuuma ni kwamba hayupo wa kuambiwa.

Brayson alisimama, akatazama viatu vyake. "Mama, samahani. Mtendaji anatakiwa aandike. Mahali hapa ni pa ibada au pa mpira?"

Watu wote walimgeukia Anyesi. Alijua neno gani lingeuokoa ukuta. Alilisema kila mwaka na lilikuwa bado mdomoni.

"Pa mpira," alisema. "Bruda alijenga pa mpira, siwezi kumsingizia marehemu. Mimi nimesali kwenye ukuta wa mpira tangu nikiwa bibi harusi, na Mungu alinisikia hivyo hivyo, hakuniuliza mstari ni wa nini. Sina zaidi. Amueni ninyi." Akaketi, beseni magotini.

"Basi wanaotaka ukuta ubaki wanyooshe mikono," alisema Brayson, bila matumaini.

Mkono mmoja ulikuwa juu kabla hajamaliza, mwekundu, umeshaanza kuvimba.

"Mzee Nathanaeli, hiyo ni kura au unaonyesha jeraha?"

"Yote mawili. Na kituo cha maziwa nakipa kona ya kihamba changu, ile ya barabarani. Maziwa yanataka gari, mwenyekiti, na gari halifiki kwa Pilato."

Minong'ono ilienea. Mtu anayewajua Wameru anajua kwamba kumwomba mzee kona ya kihamba ni sawa na kumwomba jino, na huyu ametoa bila kuombwa. Mkono wa Marta ukapanda, kisha mikono ya wanawake wanaoanika kahawa, kisha ya vijana, ambao walishauchukua mpira wa Nerea na walikuwa wanapokezana kuupima. Brayson hakuhesabu. Alimwambia mtendaji aandike kwamba unabaki.

Ijumaa Kuu ilipofika, wanajumuiya walikusanyika ukutani kwa kusitasita. Vijana waliokuwa wakicheza waliacha wenyewe, wakavua kofia, wakasogea pembeni.

"Mama Tabea," Marta alinong'ona, "sasa tunaanzia hapa kweli?"

"Kwani Pilato mwenyewe alikuwa mtakatifu?" Anyesi alimjibu. "Anzisha wimbo."

Alikuwa amekuja na beseni na birika kama siku zote, ila birika lilifuka moshi na beseni lilikuwa na chumvi chini. Alingoja. Kwenye masale Nathanaeli alikuwapo, amesimama mahali pake pa kila mwaka, mkono wa kushoto umefungwa kitambaa kwa kucheza na vijana. Wimbo uliisha na bado hakusema kitu.

"Wewe! Umemeza ulimi?"

"Nilidhani yameisha, shemeji."

"Leta hiyo mikono."

Mzee wa kanisa la Kilutheri akavuka masale mbele ya watu wote, akafungua kitambaa, akaweka mikono yote miwili kwenye beseni la Wakatoliki. Maji yalikuwa ya moto kweli. Uso ulimkunjamana, na waliosimuliwa habari za Bruda walijua sasa alifananaje. Anyesi aliinamisha birika, akamiminia taratibu juu ya vidole vilivyovimba, akimkwepesha maji pale ngozi ilipochubuka.

Nathanaeli alifumba macho. Kisha akauliza, kwa sauti ile ya chini, ya mwaka aliofariki Solomoni.

"Pilato kaamua nini mwaka huu?"

Anyesi alimimina mpaka birika likaisha.

"Kamwachia Baraba," alisema.